Mjumbe Huru na Koti la Maabara

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Nimekubaliwa! Mimi Hakimu, fundi cherehani wa Gisenyi, sasa ni mjumbe huru wa kamati ya usalama wa kibiolojia chuoni. Wanataka mtu wa mtaani asiyetafuta faida kwao. Nimeapa sitafuti. Makoti yao meupe yamechakaa yote. Wakinizoea, nitawashonea mapya. Habiyaremye, fundi wa ng'ambo ya barabara, atakoma.

Jumatano, 5 Novemba
Tumetembezwa maabara. Wenzangu walitazama friji, mimi mishono. Koti moja lilining'inia peke yake. Nikalitia kwenye mfuko, nichukue vipimo tu, kesho nilirudishe. Kutoka, nikasoma tangazo mlangoni: nguo ya humu haitoki humu. Jasho mpaka nyumbani. Koo linawasha. Labda ni pilipili.

Alhamisi, 6 Novemba
Kikao cha dharura. Koti limepotea! Mwenyekiti, Daktari Kamikazi, akasema uchunguzi uongozwe na mtu asiye na maslahi. Wote wakanigeukia. Nikauliza vijidudu vyao vinaua baada ya muda gani. Akasema ni ukungu wa viazi: mtu haumdhuru, ila ukiingia shambani viazi vyote vinaoza. Nikashusha pumzi. Mimi sina hata shina moja.

Nikakimbilia nyumbani kulichukua. Halipo. Mke wangu Saidati anasema mama yake alipita asubuhi, akaliomba. Analima viazi Cyanzarwe, na huko ni baridi.

Ijumaa, 7 Novemba
Pikipiki mpaka Cyanzarwe. Mama mkwe Kaltumu katikati ya shamba, koti mwilini. Nikapiga kelele avue haraka. Majirani wakaacha majembe. Akauliza, "Donc, basi, mukwe wangu anakuya kunivulisha nguo mbele ya batu?" Nikaeleza yote. Akakaa chini kwenye tuta. Shamba hilo ndilo linalomlisha. Nimeona aibu kweli. Nikampigia Daktari Kamikazi.

Jumatatu, 10 Novemba
Wamelipima koti. Safi! Lilikuwa limetoka kufuliwa. Viazi vimepona, mimi nimefukuzwa. Mama mkwe haniitikii salamu. Makoti mapya atashona Habiyaremye.

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa koti. Kuna zahanati inatafuta mjumbe huru wa kamati ya wagonjwa, na nimeshajiandikisha. Safari hii nachukua shuka. Shuka halina mikono, mama mkwe hawezi kwenda nalo shambani.