Askari wa Germana

Jumatatu, 9 Juni 2025
Tumerudi kijijini Buger kutoka hospitali. Dripu ya saratani imemchosha Germana wangu. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimebaki chache. Nesi Goodness atakuja kila asubuhi kumchoma sindano ya kuuamsha uboho wa mifupa utengeneze askari wapya. Wasipoongezeka, dripu ijayo itaahirishwa. Hata mafua yanaweza kumlaza. Kwa hiyo wageni marufuku. Marufuku, Buger hii!

Jumanne, 10 Juni
Germana analia kiuno kinamuuma. Nikamkimbilia Nesi, kiatu kimoja mguuni. Akasema mara nyingi ni uboho unafanya kazi. Nikamwambia mke wangu kiwanda kimewashwa. Akacheka! Hakuwa amecheka tangu Pasaka. Nampenda huyu mwanamke, basi.

Jioni akapita Clemensi, mwenyekiti wa jumuiya (kiti changu kwa haki), anapiga chafya. Anauliza waje lini kusali na mgonjwa. Nikamweleza habari za askari. Akasema Mungu hashindwi na mafua.

Jumatano, 11 Juni
Mbinu! Nimetangaza kwamba mimi ndiye mgonjwa. Kikohozi kibaya, kinaambukiza. Nani atasogea? Germana ananiambia, Baba Neema, huo ni ujinga. Hajui mikakati, maskini.

Alhamisi, 12 Juni
Wamekuja wote. Jumuiya, kwaya, ndoo ya makande. Eti nyumba yenye wagonjwa wawili haiachwi. Germana akajifungia chumbani. Mimi nikalala mkekani uani, nikikohoa kwa bidii. Clemensi akataka kuingia ampe mama pole. Nikazirai mlangoni, nikaziba njia. Wakanimwagia maji ya kisima. Juni! Na baridi ya Buger!

Jumamosi, 14 Juni
Nina mafua. Ya kweli. Ya Clemensi. Nesi amenihamishia stoo ya mahindi. Germana ananiuliza kupitia dirisha kama nimekula. Namjibu kwa mbali, leso mdomoni. Nimemkumbuka, na yupo hapo hapo.

Jumatatu, 16 Juni
Askari wamepanda! Dripu itatolewa kwa wakati. Nimelia mbele ya Nesi, nikasingizia mafua. Akasema ni kazi ya sindano na mlango uliofungwa. Mlango uliozibwa na nani? Na mimi!

Baada ya dripu askari watashuka tena, na Clemensi ameshaulizia tarehe. Germana anashauri tumwombe Padre atangaze kanisani kwamba watu wasubiri kwanza. Rahisi mno, haina akili ndani yake. Mimi nimeshapata dawa ya hawa wageni: nitatangaza nimefariki. Marehemu hajuliwi hali.