Tumehamia Penye Utulivu

Jumamosi, tarehe 4

Tumehama! Nimeshinda mimi. Mkokoteni ulitangulia na kitanda, nikafuata mimi na mwanangu Bosi kifuani. Kitovu chake hata hakijapona vizuri, tayari ana nyumba ya pili maishani. Baba mtoto nyuma yetu na godoro kichwani, haoni mbele, anaziomba nguzo radhi.

Kule tulikotoka tulipakana ukuta na Mama Futi, fundi cherehani. Kutwa nzima ta-ta-ta-ta-ta. Mtoto mchanga jamani, utosi bado unapumua, kelele si zinaingia moja kwa moja? Nilimweleza baba mtoto kwa upole. Kisha kwa machozi. Kisha kwa kutopika. Akaelewa.

Wifi yangu, dada yake baba mtoto, alikuja kusaidia kubeba. Akabeba mdomo. Kasema nyumba mpya itanishinda kabla godoro halijapata joto. Kasema chumba cha zamani bado hakijapata mpangaji, kwa hiyo ufunguo atakaa nao yeye mpaka Jumamosi ijayo, tukishindwa turudi. Na baba mtoto akakubali! Eti kwa usalama.

Turudi? Mimi? Labda nibebwe.

Chumba chenyewe kizuri. Dirisha kubwa, sakafu haina ufa, na kimya! Unasikia bomba la uani likidondosha tone, linafikiri, linadondosha lingine. Bosi kakodoa macho anaangalia dari. Kaipenda.

Jumapili, tarehe 5

Bosi hajaipenda dari. Bosi hajalala.

Usiku nampa ziwa, anapitiwa. Mchana ndio balaa. Nimembeba, nimemwimbia, nimemzungusha uani mpaka kuku wa jirani wamenizoea. Nikimlaza tu, analia kama kakalia moto. Ukimya nao unaikuza sauti yake, inagonga ukuta inarudi.

Baba mtoto kasema labda amemkumbuka Mama Futi na cherehani yake. Kasema kwa utani. Nikacheka sana. Kisha nikaenda nyuma ya mlango nikaacha kucheka. Maana kule Mama Futi alipokuwa akisimama kula, Bosi alikuwa anaamka. Mimi nikadhani ni njaa!

Hili halitoki nje ya mlango huu. Wifi akilijua, nimekwisha.

Jirani wa ukuta kaja kutukaribisha. Mtu mrefu, mpole, analinda ghala usiku. Wote humu wanamwita Afande. Kasema hana shida na mtu, ila tu mchana wetu ndio usiku wake. Nikamwambia ondoa shaka Afande, sisi tunapenda utulivu kuliko yeye.

Jumatatu, tarehe 6

Mbinu ya kwanza: nimekuwa cherehani. Kwa mdomo. Ta-ta-ta-ta mpaka midomo ikafa ganzi, nikashindwa kunywa chai, ikawa inamwagika pembeni. Bosi aliniangalia kwa huruma, kama mgonjwa aliyeletwa wodini kwake.

Nikahamia kijiko na kifuniko cha sufuria. Hapo sawa! Jicho moja likafumba. La pili likaanza. Hodi! Afande mlangoni, shuka mabegani, macho mekundu kama pilipili. Kauliza kwa adabu kama kuna tatizo. Nikamwambia natengeneza kifuniko. Akakiangalia. Kasema pole mama, kinaonekana kimeharibika sana.

Mtu mwema. Bosi kaamka.

Jumanne, tarehe 7

Wifi kaja kutuona. Kutupeleleza, tuseme ukweli.

Nilishajiandaa. Bosi na baba yake nyuma, kando ya chumba cha kuogea, ndipo mbali kuliko pote. Kitandani nimelaza mto, nimeuviringisha vizuri kwenye shali yake, na kofia nimeuvisha. Nikamwambia wifi asimguse, ndiyo kwanza kasinzia, humu analala mpaka tunamsahau.

Nani anaweza kumzuia shangazi? Kamnyanyua. Kambembeleza. Kasema mtoto kapungua. Kasema ndiyo hivyo, maziwa yanataka mama aliyetulia. Nikaitikia, nikaitikia, jasho linanitiririka mgongoni. Kainamisha kichwa kumbusu mpwa wake, na hapo hapo mpwa wake akapiga ukelele kule nyuma, nyumba nzima ikasikia.

Wifi akauangalia mto. Akaniangalia mimi. Kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kasema wifi we, mto wako mzuri, umefanana na baba yake. Kasema Jumamosi anakuja na ufunguo na kamba ya kufungia mzigo.

Baba mtoto kanitazama tu. Ninalijua jicho lile. Ni la mtu anayekumbuka uzito wa godoro.

Jumatano, tarehe 8

Nimekwenda kwa Mama Futi. Kwa siri. Nilichukua gauni lenye pindo lililofumuka. Lilikuwa zima, nililifumua mwenyewe.

Sijafika mlangoni, Bosi usingizi! Ta-ta-ta mbili tu, shingo imelegea, mdomo wazi, mate yananitiririkia. Nilikaa pale kwenye benchi la wateja nikalia kidogo. Mama Futi kasema hata yeye tangu tuondoke anashona mishono inakwenda upande, kazoea kumsikia mtoto akiamka ndipo anajua saa ya kula imefika.

Nikamwomba ahamie kwetu. Kasema nina wazimu, wateja wake wanamjua kwenye kona hii. Nikaomba tena. Kasema kunyonyesha kumenichukua akili, ila ana cherehani ya zamani ya mkono, haishoni, inapiga kelele tu.

Inapiga kelele tu! Nilimkumbatia na futi yake ya kupimia nguo shingoni.

Alhamisi, tarehe 9

Mafanikio! Nimezungusha mkono wa cherehani tangu asubuhi na Bosi kalala kama gogo. Kasoro ni moja. Nikiacha kuzungusha, anaamka. Nikipunguza mwendo, anakunja uso. Nikibadilisha mkono, anafungua jicho moja kuangalia nani kaingia kazini.

Sijapika. Sijafua. Sijachana nywele. Baba mtoto katoka kazini kala mkate mkavu amesimama, ananiangalia nazungusha. Kauliza ninashona nini. Nikamwambia usingizi. 

Afande kapita uani anakwenda kazini. Kagonga nguzo ya kamba ya nguo. Kaisalimia.

Ijumaa, tarehe 10

Leo nimeaibika.

Afande kaja asubuhi hata nguo za kazi hajavua. Kakaa kizingitini. Kasema mama, wewe ni mtu mzuri, kwa hiyo nakuambia mimi mwenyewe. Wiki nzima sijafumba jicho mchana. Jana nimesinzia getini. Mkubwa wa ghala kafika, kajifungulia geti, kaingia, kanifunika koti. Afande kasema yeye angefurahi kutukanwa kuliko kufunikwa koti. Akikutwa tena hivyo, kazi hana.

Nikamwambia Afande, nenda kalale. Naapa kwa huyu kifuani, hutasikia hata sindano ikianguka.

Nikafunga cherehani kwenye kanga. Nikaanza kufunga na sufuria. Basi, wifi kashinda. Heri turudi tukachekwe kuliko baba wa watu akose kazi kwa sababu yangu. Bosi analia, mimi nalia, nimembana kifuani ili sauti yake isipite ukutani.

Kisha nikasikia mtu anaburuza kabati.

Nikanyamaza. Kabati likaburuzwa tena. Kutoka kwa Afande! Ghrrrr. Kimya kidogo. Ghrrrr. Likapanda, likakata, likashuka, ukuta unatetemeka, vijiko kwenye sufuria vinajibu. Kumbe anakoroma! Wiki nzima hajakoroma kwa sababu wiki nzima sijamwacha alale!

Nikamwangalia Bosi. Kanyamaza. Kasikiliza, kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa. Jicho moja. La pili.

Nililala naye hapo hapo sakafuni, kichwa juu ya ule mto wa Jumanne. Baba mtoto karudi katukuta, kazitoa sufuria kwenye mfuko moja moja, taratibu, bila kugonganisha. Kapika yeye.

Jumamosi, tarehe 11

Wifi kafika na ufunguo, na kamba begani. Kamkuta Bosi kitandani kalala, kanuna usingizini kama mkubwa wa ofisi. Hakuamini. Kamfinya kidole cha mguu kuhakikisha si mto. Bosi kavuta mguu, kaendelea.

Kauliza hiyo sauti inayounguruma ni nini. Nikamwambia pampu ya maji. Kasema pampu yenu inaota.

Baba mtoto kamwambia dada yake ufunguo aurudishe kwa mwenye nyumba, sisi tumefika. Alisema hivyo, tumefika! Wifi kanywa chai, kambeba mpwa wake wa kweli, kasema hajapungua hata kidogo. Alipoondoka kanikumbatia, kasema mimi ni mjanja. Alisahau kamba yake hapa.

Sijawahi kuwa na siku nzuri hivi.

Jumapili, tarehe 12

Amani tupu. Bosi analala, Afande analala, bomba linadondosha. Nimepika, nimefua, nimesuka nywele. Na kwa kuwa sasa nimepumzika na masikio yangu yametulia, nimekaa nikasikiliza vizuri.

Jamani, yule mtu anakoroma kupita kiasi. Mtoto mchanga huyu! Utosi bado unapumua, na kelele kama zile si zinaingia moja kwa moja?

Sikumwambia baba mtoto, najua atasema nini. Nimechemsha tangawizi, nikatia asali, nikampelekea Afande chupa nzima pamoja na ule mto wangu mnene. Nikamwelekeza anywe kabla ya kulala, na alale ubavu, kichwa juu. Nimemwambia nimewaona wengi wakipona. Karibu alie. Kasema hajapata kuwa na jirani anayemjali namna hii. Anaanza kesho akitoka kazini.

Kesho humu patakuwa kimya kabisa.

Nimerudi ndani nina furaha, baba mtoto kaniuliza chupa ya asali iko wapi. Nikamweleza kidogo tu. Kisha kauliza ile kamba ya dada yake nimeiweka wapi.

Sijui anaitakia nini.