Kiti Yangu Irudi Kwa Laini Kabla ya Jumamosi

Kwa Kocha Kibet,
Radi FC, Kakamega.

Ndugu Kocha,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi Mzee Phanuel Shikanga, yule ulimfukuza kwa laini ya uwanja juzi na adabu nyingi, mpaka nikakushukuru kabla sijaelewa.

Umeniweka nyuma ya jikoni ya shule. Huko naonanga moshi na migongo ya watu. Jumamosi tunacheza na hao wa soko la Malava, na mwenye kushinda anaingia fainali. Naomba kiti yangu irudi mbele ya hiyo siku. Malalamiko ni haya:

1. Unasema niliharibu mpangilio. Mimi nilifika tu dakika ya kumi, nikaketi. Beki yako ya kushoto, Elvis, ni mjukuu wa ndugu yangu. Aliniona, akatoka mahali yake, akakuja kunipa mkono na kuuliza kama ng'ombe amezaa. Nikamwambia amezaa ndama dume. Hapo winga wao akapita, akafunga. Sasa kosa ni ya nani? Mtoto aone babu yake anyamaze, ati kuna mpira? Mwenye makosa ni huyo winga. Alipita watu wakisalimiana.

2. Umechora duara kwa ubao, kila mtu akae kwa yake. Mimi mwaka wa sabini na nne sikuwa na duara. Nilipiga kona, nikakimbia, nikafika golini mbele ya mpira, nikaungojea, nikaupiga kichwa. Goli. Mashahidi wote wamekufa, lakini walikuwa wengi.

3. Unawaambianga waangalie huku na huku kabla mpira haujafika. Nani anaangalia kushinda Elvis? Aliniona nikiwa bado kwa geti.

4. Unataka wacheze kama kitu moja. Kocha, walicheza hivyo. Elvis akinisalimia, beki ya kati naye akaona ni aibu kubaki, akakuja. Halafu namba sita. Kufika dakika ya kumi na tano timu yote ilikuwa kwa kiti yangu isipokuwa kipa, na yeye alinipungia mkono. Goli zingine mbili ziliingia, ndio, lakini ziliingia tukiwa pamoja.

5. Kama kiti haiwezi kurudi kwa laini, basi laini isongezwe mpaka jikoni. Na refa asipige filimbi ya kuanza mpaka timu zote mbili zimalize kunisalimia. Mtu ameketi nje, hajagusa mpira, hawezi kubadilisha mchezo. Hayo ya kusema naharibu ni maneno ya ubao tu.

Nisalimie wachezaji wote, mmoja mmoja, kwa sababu mimi umenikataza. Salimia pia refa, na mama wa kuuza machungwa.

Ni mimi, nikikohoa moshi,
Mzee Phanuel Shikanga.

N.B. Hayo ya kiti wachana nayo kwanza. Nimesikia sasa hivi kipa wa Malava ni Jairus, yule ameoa Lynette, msichana wetu. Unajua kwetu mkwe hawezi kusimama karibu na mama ya bibi yake, hata mvua inyeshe. Tafadhali weka bibi yangu Jael nyuma ya goli yao, katikati kabisa, na umkataze kusonga hata hatua moja. Kipindi cha pili, wakibadilisha goli, nitambeba mwenyewe.