Ombi la Kupewa Gari Nililokimbia Nalo

Kwa Mkuu wa Dawati la Ajali,
Kituo cha Polisi cha hapa mtaani.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kisichoyumba kama kile cha wageni. Nakuandikia kwa heshima, na kwa haraka kidogo, kwa sababu kibali changu cha ukaazi kinaisha Ijumaa na leo ni Jumatano.

Nianze na tukio. Jumanne ya wiki iliyopita, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za duka la viatu ambalo naishi juu yake. Gari dogo jeupe lilirudi nyuma, likagonga gari la mama mwenye duka la dawa, lililoegeshwa mahali pake bila kosa lolote. Taa ya nyuma ilivunjika, na mlango ukapata mkwaruzo wa sentimita arobaini na moja, ambao baadaye niliupima kwa rula. Hakuna aliyeumia. Dereva alifungua mlango, kisha akaufunga, akaondoka kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Niliandika namba ya gari, saa, hali ya hewa na upande aliokimbilia. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, nikiwinda makosa kabla hayajachapishwa, na jicho langu bado halijakubali kustaafu.

Siku hiyohiyo nilifika kituoni kwako. Karani wako alinipokea vizuri sana. Tatizo lilikuwa karatasi. Ilikuwa na nafasi ya dereva na nafasi ya aliyeumia. Fomu za mashahidi, alisema, zilikwisha tangu mwezi wa pili. Akanitazama kama nimeumia, akaona niko salama. Basi akaniambia, "Mzee, ngoja tukuweke hapa kwa dereva kwa muda, tutarekebisha." Nyuma yangu kulikuwa na foleni na mtoto analia. Nikatia sahihi. Mimi, niliyewaonya vijana wa kiwandani maisha yangu yote kwamba kinachowekwa kwa muda ndicho kinachochapishwa!

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, na la mwenzangu likawa langu. Malalamiko na maombi yangu ni haya:

1. Nilipouliza kwa nini namba ya gari niliyowapa haifuatiliwi, nilijibiwa kuwa hakuna haja, dereva ameshapatikana. Nilipouliza ni nani, karani alinionyesha kidole kwa adabu.

2. Mama mwenye duka la dawa, ambaye mimi ndiye niliyempelekea habari na pole, sasa hapokei salamu yangu. Juzi alisema mbele ya wateja watano, "Kumbe ni wewe! Na pole ulinipa." Siku hizi dawa yangu ya presha naifuata mtaa wa tatu, na presha inapanda njiani.

3. Nimeambiwa kwamba ili nifutwe, nilete leseni yangu ya udereva ikaguliwe. Sina leseni. Sijawahi kuendesha hata baiskeli kwa umbali wa kujivunia. Kwa kusema hivyo nimeongezewa kosa la pili, la kuendesha bila leseni. Kwa hiyo naomba nipewe leseni, yenye tarehe ya Jumatatu, siku moja kabla ya ajali, ili mambo yaende kwa mpangilio.

4. Naomba pia gari. Liwe dogo na jeupe, maana jalada likisema jeupe na mimi nikaja na jekundu, patakuwa na kosa, na makosa ya namna hiyo yananinyima usingizi.

5. Naomba mwalimu wa udereva mwenye kuyavumilia magoti ya kizee. Mkwaruzo wa sentimita arobaini na moja ni kazi ya mtu anayejua kurudi nyuma. Sitaki kubeba sifa ya ufundi nisio nao.

6. Kuhusu kukimbia. Mama mmoja wa dirishani, kwenye ofisi ya vibali vya ukaazi, alinieleza kwa upole kwamba mtu mwenye kesi ya kukimbia hawezi kuongezewa muda wa kukaa. Ndugu Mkuu, katika maisha yangu nimekimbia mara moja tu. Ilikuwa miaka thelathini na minne iliyopita, kwa miguu, nikiwa nimevaa kiatu kimoja changu na kimoja cha kaka yangu, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuchagua. Sikugonga mtu wala kitu. Mbio hizo ziliandikwa vizuri kwenye jalada langu la kwanza, na ndizo zilizonipa ruhusa ya kuishi hapa. Sasa naambiwa kwamba mbio za pili, ambazo sikuzikimbia, ndizo zitakazoniondoa. Naomba ofisi zenu zikubaliane ni mbio zipi zinahesabiwa.

Na nikiondolewa, nielekezwe niende wapi. Nilikotoka, mtu wa mwisho aliyelijua jina langu alifariki mwaka juzi. Hapa, hata muuza magazeti anajua kuwa sinywi chai yenye sukari.

7. Yote hayo yakishindikana, naomba kesi isikilizwe kabla ya Ijumaa na mimi niitwe kutoa ushahidi dhidi yangu, kwa kuwa ndimi shahidi pekee. Nitaapa kwamba nilimwona dereva na hakuwa mimi. Nikipinga kama mshtakiwa, nitajijibu kama shahidi, wala sitachoka kabla ya hakimu.

Nasisitiza kwamba hatia yote ni ya aliyekimbia. Mtu mwema aliyesimama kando na kuandika alichokiona hana mchango wowote katika jambo hili.

Nisalimie karani, na mwandiko wake mzuri. Nisalimie mlinzi wa getini, ambaye siku hizi ananiita Dereva na kuniuliza nimeegesha wapi. Wasalimie wote waliokaa kwenye benchi. Wengi wao nawajua kwa sura, na naamini nao ni mashahidi.

Wako katika utii wa sheria,
Mkaazi wa ghorofani, duka la viatu,
msoma prufu mstaafu, na dereva kwa mujibu wa jalada lenu.

Baada ya kuandika: Bahasha ilikuwa imeshafungwa pale hodi ilipobishwa mlangoni. Aliyebisha ni dereva mwenyewe wa gari jeupe, mwalimu wa chekechea. Alikuwa amekwenda duka la dawa kuomba radhi, akaambiwa dereva ameshakamatwa, ni mzee wa ghorofani. Akapanda ngazi huku analia. Nilimuuliza, kwa ukali niliouandaa kwa wiki nzima, kwa nini alikimbia. Akasema, "Shikamoo mzee wangu. Nilifungua mlango nishuke. Nikakuona umesimama na koti lako, unaandika, hata pole husemi. Nikajua hii ni serikali." Nimefikiri sana, Ndugu Mkuu. Ni kweli kwamba niliandika hali ya hewa kabla ya kumuuliza kama ameumia.

Kwa hiyo yafuteni maombi yote, pamoja na gari. Kesho saa mbili asubuhi tutafika wote wawili, na mama mwenye duka la dawa amekubali kutusindikiza, ingawa bado hajaniamkia. Kwenye nafasi ya dereva aandikwe mwalimu, kwa hiari yake. Kama fomu ina nafasi ya chanzo cha kukimbia, niandikwe mimi, ila iwe kwa penseli mpaka Ijumaa ipite. Mwalimu anaogopa sana kuja. Nimemwahidi kwamba nitamshika mkono, na kwamba kalamu nitaiacha nyumbani.