Nilivyohamia Banda la Kuku Ili Serikali Inilipe

Jumatatu, 3 Agosti

Naandika nyuma ya kalenda ya kampuni ya mazishi. Mwaka huu wametoa yenye karatasi nene. Shule sikuenda. Herufi nilijifundisha kwa kusoma magunia ya kahawa, kwa hiyo nikikosea, lawama kwa gunia.

Habari mbaya. Migdalia, binti yangu mdogo ninayekaa kwake, ameitwa tena kiwanda cha dawa, zamu ya asubuhi. Hiyo ndiyo nzuri. Mbaya ni kwamba hana wa kumwachia Joaniel. Joaniel ni mjukuu wangu, ana miaka miwili, anang'ata. Nikasema nitamlea mimi, bure! Migdalia akauliza, na vitafunio vyako vya barabarani atauza nani, Mama? Umeme atalipa nani? Halafu akanikumbusha siku niliyomchukua mtoto kibandani nikamlaza kwenye kreti la ndizi. Alilala vizuri sana kwenye kreti lile. Hilo halisemi.

Jioni Zoraida, dada yake, kapiga simu kutoka Orlando, ng'ambo ya bahari. Yule hupiga simu kama anatangaza redioni. Huko serikali inalipia malezi ya watoto. Huko friji inatoa barafu yenyewe. Mleteni mtoto! Migdalia kasema asipopata msaada hapa kisiwani kabla mwezi haujaisha, anafunga mizigo. Yeye na Joaniel.

Orlando! Nani atanivuta sikio asubuhi niamke? Friji?

Haiwezekani. Naingia kazini.

Jumanne, 4 Agosti

Ofisi ya msaada wa malezi, mimi na Migdalia. Afisa ni binti mdogo, Bi Lugo, kucha za zambarau, sauti ya kumbembelezea mgonjwa. Alieleza mambo mawili. La kwanza lilihusu kituo cha watoto pale mjini nyuma ya kanisa, sijui kina nafasi, sijui serikali inalipia sehemu kubwa. Nilikuwa natafuta peremende kwenye mkoba. La pili nililisikia vizuri: ndugu naye anaweza kulipwa kumlea mtoto. Hata bibi!

Nikasimama. Nikamwambia, mwanangu, andika: Saturnina, bibi mzaa mama, nimelea saba na wote wanatembea.

Akasema kuna sharti. Bibi asiwe anaishi nyumba moja na mtoto. Migdalia akasema basi, tuchukue kituo. Nikamkanyaga mguu. Nikasema mimi siishi nao. Bi Lugo akauliza tangu lini. Nikasema tangu Jumapili.

Nikaenda chooni kifua mbele. Niliporudi, Migdalia alikuwa ananong'ona na Bi Lugo. Bila shaka wananisifu.

Jumatano, 5 Agosti

Alama za vidole. Wanataka kujua kama nimewahi kuua mtu. Nikawaambia bado.

Mashine imenikataa! Gumba, hakuna kitu. Shahada, hakuna kitu. Kahawa niliyochuma maisha yangu yote, na sabuni ya magadi, vimefuta kila mstari. Yaani kwa serikali mimi si mtu. Bwana wa mashine akanipa pole, akasema, Bibi, paka mafuta, ngozi ilainike, urudi.

Nikarudi mchana huohuo. Nimepaka mafuta ya nguruwe, yale ya kukaangia. Mikono ikateleza juu ya kioo kama samaki. Kila kidole kikatoa picha ya wingu. Mbwa wawili wakanisindikiza mpaka nyumbani.

Mwishowe wamesema barua ya polisi itatosha. Polisi wetu hula vitafunio vyangu kwa mkopo. Barua ilikuwa tayari kabla ya chai.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimehama.

Banda la kuku nyuma ya nyumba. La tofali, na bati lake lilibadilishwa baada ya kimbunga, ni zima kuliko letu. Nimelisugua kwa magadi mpaka macho yakalia. Kitanda, picha ya Wafalme Watatu, wale mamajusi, birika la kahawa. Kuku nimewahamishia kwenye gari la marehemu mume wangu, lile lisilo na magurudumu. Wametulia vizuri, wanatazama nje madirishani. Jogoo amekataa kuhama. Amelala juu ya mguu wangu kama mwenye nyumba.

Nyumba ya Migdalia ni namba kumi na nne. Mlangoni kwangu nimepaka rangi: kumi na nne na nusu.

Migdalia kaja, katazama, kashika kiuno. Akasema Mama, unanitia aibu. Nikamwambia mgeni hupiga hodi kwanza.

Joaniel yeye alipiga hodi. Kwa kijiko. Tukala wali wa mbaazi kitandani, yeye, mimi na jogoo. Mtoto huyu aende Orlando? Wataweza hao?

Jumatatu, 10 Agosti

Mkaguzi amekuja. Bwana Arocho, sharubu zimechanwa. Bati akalisifu. Namba kumi na nne na nusu akaitazama muda mrefu. Akauliza kwa nini kuku wako ndani ya gari. Nikasema wanasafiri.

Kila kitu kilikuwa kinakwenda. Nilijibu kwa kifupi, midomo nimeibana, hata mwenyewe sikujua kwa nini. Kisha akaomba kunawa mikono, Migdalia akampeleka bafuni kwake. Akarudi na swali. Meno yaliyo kwenye glasi ni ya nani?

Nikasema ni ya mgeni.

Akauliza mgeni gani anasahau meno. Kabla sijazua mgeni, Joaniel akatoka mbio, meno kayabeba kwa mikono miwili kama padri na kikombe chake. Meno ya Bibi! Meno ya Bibi! Akanipa.

Nikayavaa. Ningefanya nini? Yalikuwa yangu.

Bwana Arocho hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba ninaishi kwa binti yangu, ombi limekataliwa, na kwa nini hatuchukui kituo? Nikamwambia kituoni hawajui kwamba Joaniel hali ndizi mpaka uiite mamba. Hilo hakuliandika.

Jumanne, 11 Agosti

Ng'ambo ya barabara anaishi Providencia. Hatusemezani. Baada ya kimbunga aliazima sufuria langu kubwa la kuchemshia pasteli za Krismasi, zile ndizi za kusaga na nyama ndani ya majani, na mpaka leo anasema lilichukuliwa na upepo. Upepo! Sufuria lile halinyanyuliwi na wanaume wawili.

Sasa nimesikia kibandani kwamba naye alipeleka jina lake, alipwe kumlea Keishla, mjukuu wake. Wakamkataa. Anaishi naye.

Nilikaa nikawaza, mafuta yakaungua. Mimi siishi na Keishla. Providencia haishi na Joaniel. Ha!

Nimevuka barabara. Mara ya kwanza tangu kimbunga. Nikamwambia, wewe mwizi wa sufuria, nina jambo. Akasema, ingia, mwongo mkubwa, kahawa ipo. Tumekubaliana. Yeye atalipwa kumlea wangu, mimi nitalipwa kumlea wake. Akaniuliza kama najua kusuka nywele. Nikamuuliza kama anajua kuosha mikono.

Usiku huu nalala nyumbani. Jogoo amebaki na banda. Migdalia kasaini karatasi za Providencia bila kuuliza. Anakonda, binti yangu. Haangalii watu usoni.

Jumatatu, 17 Agosti

Siku ya majaribio. Asubuhi tukabadilishana barabarani kama mateka. Akanipa Keishla, nikampa Joaniel, kila mtu akaingia kwake.

Keishla ni mtoto mzuri, sifichi. Lakini moyo haukutulia. Je, anamwitia ndizi mamba? Je, amemvua soksi? Joaniel akivaa soksi hali. Nikavumilia, nikavumilia. Nikambeba Keishla nikatoka kwenda kuchungulia kidogo tu. Katikati ya barabara nani huyo? Providencia, Joaniel kiunoni! Anakuja kuchungulia kwangu!

Akasema Keishla ana uso wa njaa. Nikasema Joaniel ana soksi. Tukanyang'anyana. Kila mtu akarudi nyumbani na wake.

Na hapo ndipo gari la ofisi likasimama. Bwana Arocho. Akauliza kama huyu ndiye Keishla. Kabla hajashuka nilikuwa nimeshamfunga Joaniel utepe wa Keishla, uliokuwa umeanguka kibarazani. Alipendeza. Nikasema ndiye. Bwana Arocho akainama, akamuuliza binti mzuri anaitwa nani. Binti mzuri akashusha suruali, akasimama ukingoni mwa baraza, akakojolea kiatu cha serikali.

Nikasema ni mapema mno kumhukumu mtoto.

Ng'ambo, Providencia alikuwa anapiga kelele kwamba Joaniel wake amelala, na Keishla nyuma yake anapunga mkono.

Jumatano, 19 Agosti

Migdalia hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Aliketi mezani akasema polepole kwamba jina la Joaniel sasa liko ofisini mara tatu, mara moja akiwa msichana, na Bi Lugo hawezi kusogeza lolote mpaka achunguze. Mwezi unaisha. Kiwanda hakingoji. Zoraida ameshawaandalia chumba. Akasema, Mama, mimi sitaki kuondoka. Lakini unanifukuza kwa kunishika.

Nilikaanga vitafunio mpaka unga ukaisha.

Kisha nikachukua sanduku lake la safari nikalificha kwenye gari la marehemu. Huwezi kusafiri bila sanduku.

Jumamosi, 22 Agosti

Amelipata sanduku. Kuku mwekundu amelitagia. Migdalia alifungua akakuta mayai juu ya sweta alilomnunulia Joaniel kwa baridi ya huko. Akasimama nalo uani. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, kisha hakikuwa kicheko tena. Nikakaa naye. Nikamshika kichwa kama zamani. Nikamwambia, nenda kama ni lazima, mwanangu. Nitakuja nyuma yenu. Nitalala ndani ya hiyo friji.

Tukala mayai. Joaniel akayaita mamba.

Jumatatu imeisha? Hapana, ni Jumamosi. Machozi yanachanganya kalenda.

Ijumaa, 28 Agosti

Bi Lugo kapiga simu. Wamekubali!

Si mimi. Kituo. Kile cha nyuma ya kanisa. Kumbe siku ileile ya kwanza, nilipokwenda chooni, Migdalia aliandikisha mtoto. Ingekubaliwa wiki hiyohiyo. Kilichozuia ni maombi yangu, moja juu ya jingine. Bi Lugo alikaa jioni mbili akiyafuta. Serikali italipa, Migdalia ataongeza kidogo, kiwanda kimempa zamu, hawaendi popote.

Hawaendi popote! Nimempigia Zoraida mwenyewe, nikamwambia aweke matango kwenye chumba hicho, mtu wa kulala hakuna.

Nimemkumbatia Migdalia mpaka akaomba hewa. Nikamwambia unaona, Mama hakukata tamaa. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Providencia kaja na sufuria langu. Lina pasteli ndani, za kusherehekea. Keishla naye kapata kituo. Sikumuuliza upepo umelirudisha lini.

Jumatatu, 31 Agosti

Siku ya kwanza kituoni. Joaniel aliingia bila kugeuka nyuma. Hakugeuka hata kidogo! Mimi na Providencia tukabaki kwenye uzio, tumeshika nyavu. Saa ya chakula nilipaza sauti nikawaambia waiite ndizi mamba. Mwalimu akajibu kwamba anakula, Bibi, tena amemaliza. Bila mamba. Sijui wamemfanya nini mtoto.

Mama mmoja aliyekuja kumchukua wake akatuhurumia. Akatuambia kwamba kwa wazee pia kuna msaada. Mzee asiyejiweza, serikali inamlipa mtu amtunze nyumbani. Hata binti yake!

Nikamwachia uzio Providencia.

Hebu fikiri. Migdalia akilipwa kukaa nyumbani kunitunza mimi, kiwanda cha nini? Na akiwa nyumbani, Joaniel aende kituoni kufanya nini? Mama yule aliendelea na masharti, sijui daktari, sijui uchunguzi. Nilikuwa natafuta peremende kwenye mkoba.

Providencia ameniazima fimbo ya marehemu mumewe aliyokuja nayo, na mimi nimemwachia sufuria. Nimeanza kuchechemea papo hapo, mguu wa kushoto, kupanda mlima wote. Watu watatu wamenipa pole.

Nimefika nyumbani ndipo nikagundua nilikuwa nachechemea wa kulia. Hakuna aliyeona. Kesho nitafunga kitambaa kwenye ule wa kweli, wa kushoto, nisisahau.