Meno ya Kisimani

Jumatatu, 22 Oktoba 1956

Baraza la Chifu. Jua kali, watu wote wa Kisimani. Habari kubwa: kisima chetu kitawekwa pampu. Pampu itajengewa kibanda, kibanda kitatiwa kufuli, na kufuli lina ufunguo mmoja tu. Mzee atakayeushika atapewa kiti cha kukalia na koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Nilijua papo hapo kwamba koti hilo lilishonewa mabega yangu. Nani alichimba kisima? Baba yangu, kwa mikono yake, mwaka ule reli ilipofika Voi. Neno limekwisha.

Halikwisha. Chifu ni mtu wa Mbololo, yeye hatujui sisi vizuri. Alisema ufunguo utashikwa na mtoto wa kisima: mzee aliyekunywa maji yake tangu ananyonya. Mwandawiro akasimama. Nami nikasimama. Tulizaliwa mwaka mmoja. Waliotuona tukitambaa wamekufa wote. Niliwahesabu pale pale, nikafurahi, kisha nikatubu.

Ukweli, kwa shajara hii tu: nilipokuwa na miezi sita mama alinipeleka Werugha kwa shangazi, kwa kuogopa homa ya huku bondeni. Nilirudi nina miaka kumi na mmoja. Ni jambo dogo.

Hapo nikafanya kosa la kuwa msomi. Juma lililopita daktari wa meno alikuja shuleni, akatazama vinywa vya watoto, akaeleza kwa nini meno ya watu wa hapa ni ya kahawia. Nilihisi kwamba hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi. Basi nikawaeleza upya, taratibu, bila kuombwa. Maji ya kisima chetu yana kitu kiitwacho floraidi, kitokacho kwenye mawe ya chini. Hakionekani, hakina harufu. Kidogo chake huimarisha jino. Kikizidi huliharibu, lakini jino changa tu, lile ambalo bado linaumbwa ndani ya ufizi, tangu mtoto azaliwe hata afike kama miaka minane. Jino likishakomaa, unaweza kuliogesha kisimani miaka hamsini lisibadilike. Na doa lenyewe limo ndani ya jino, halisuguliki. Nikamalizia vizuri sana: jino ni cheti kinachoonyesha mtu alikunywa wapi utotoni.

Chifu akapiga makofi. Akasema kesi imejipatia shahidi. Mwandawiro akafungua kinywa. Kahawia tupu, kama bati la zizi lenye kutu. Kisha watu wote wakageuka kunitazama mimi. Nilikuwa bado natabasamu kwa utamu wa hotuba yangu. Meupe pe!

Nilijitetea upesi. Nikasema daktari bado kijana, hajui nguvu ya mkaa. Meno yangu ni ya kahawia kuliko ya Mwandawiro, ila nimeyasugua kwa mkaa na mchanga kila asubuhi tangu utoto. Na ushahidi upo! Miaka ishirini na miwili niliyofundisha hapa, kila mtoto aliyekuja na meno machafu nilimchapa fimbo mbili nikampeleka kisimani akasugue. Je, ningefanya hivyo kama sikuamini? Chifu akafikiri. Akasema basi nisisugue mpaka Jumanne ya juma lijalo, daktari atakaporudi, ili rangi yangu ya asili ijitokeze yenyewe.

Siku nane. Rangi yangu ya asili italazimika kufanya haraka.

Jumanne, 23 Oktoba

Sikusugua. Nimekunywa maji ya kisima vikombe kumi na vinne. Kioo: meupe. Hata lile jino la mbele nililotengenezewa Mombasa mwaka wa 1949 linang'aa pamoja na wenzake. Fundi alililinganisha kwa uangalifu. Hakuna ajuaye kwamba ni la bandia ila mimi, fundi na Wakesho, mke wangu.

Mchana nikatumia akili. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakufukuzi madini. Maji hupaa, floraidi hubaki. Nikachemsha sufuria nzima mpaka ikabaki kikombe kimoja. Nikanywa. Ladha ya sarafu.

Wakesho akaniuliza kama si mimi niliyesema jino lililokomaa halibadiliki. Nikamweleza kwamba elimu ni kitu kimoja na matumaini ni kingine. Akasema sawa, Baba Danson, lakini kuni zimekwisha, na matumaini hayaivishi maharagwe.

Tumbo linasema.

Alhamisi, 25 Oktoba

Voi. Nimeenda dukani kwa Jaffar kununua majani ya chai na tumbaku. Nilimwambia ni vya mgeni. Jaffar akauliza mgeni gani huyo anayetaka chai ya kutafuna. Hakuna siri Voi. Habari za baraza zilifika kabla yangu, tena zimevikwa nguo.

Bi Mwanamina, mama yake Jaffar, alikuwa amekaa nyuma ya duka akitafuna tambuu. Akanihurumia. Akasema majani ya chai ni ya watoto. Kama nataka rangi, rangi ni hii. Akanifungia moja kwa mkono wake, chokaa na popoo ndani. Sikuwa nimewahi kutafuna. Kichwa kilizunguka, nikakaa juu ya gunia la mchele. Jaffar akaniletea kioo.

Nyekundu! Midomo, fizi, kidevu. Jaffar akasema, kwa adabu yake ya Pwani, "Mwalimu wangu, hapo hukufika kisimani. Hapo umefika harusini."

Nimerudi maili nane kwa miguu nimefunga kinywa. Mzee wa kanisa alinisalimu njiani. Niliitikia kwa kichwa. Alisema anaona nimeanza kuwa mnyenyekevu.

Ijumaa, 26 Oktoba

Wekundu umetoka. Chini yake, weupe.

Kijiji kimeharibika. Watu ambao miaka yote walicheka kwa midomo iliyofungwa sasa wanatembea vinywa wazi kama mamba. Mwandawiro ndiye mbaya zaidi. Ametabasamu sokoni. Ametabasamu mazishini. Leo alikuja hadi uani kwangu, ati kuazima jembe. Aliuliza habari za afya yangu, za ng'ombe wangu, kisha habari za rangi yangu ya asili: imeshaanza safari kutoka Werugha, au bado inangoja gari?

Kwa hiyo anakumbuka. Nikamwambia sielewi maneno yake. Akasema haidhuru, meno yake yataniambia. Akaondoka na jembe.

Na hii si haki! Miaka hamsini nimekunywa maji haya. Nimezika wazazi wangu hapa, baba yangu umbali wa hatua arobaini kutoka kisima alichochimba. Mwandawiro yeye alifanya nini? Alinyonya tu mahali panapofaa.

Jioni Alice alipita na baiskeli kuandika majina ya wazee watakaokaguliwa. Ni nesi hospitalini Voi, humtafsiria daktari. Mwanafunzi wangu wa mwaka 1938. Hodari wa hesabu. Nilimchapa kuliko wote, kwa kuwa meno yake ndiyo yaliyokuwa mabaya kuliko yote. Nilimpeleka kisimani mpaka fizi zikatoa damu. Nia yangu ilikuwa njema. Hata leo akicheka hufunika kinywa kwa mkono. Sijui alipata wapi tabia hiyo.

Jumapili, 28 Oktoba

Ushindi! Ulikuwa jikoni kwangu siku zote!

Baada ya ibada Wakesho alikwenda kumwona dada yake. Nyuma ya mlango nikaona chungu anachochemshia magome ya kutia rangi mkonge wa vikapu. Nikatazama rangi. Rangi ikanitazama. Kahawia ya Kisimani hasa! Na vikapu vya Wakesho havichuji hata vikinyeshewa mwaka mzima.

Nikafanya kazi kitaalamu. Kupaka tu ni ujinga. Meno ya floraidi yana mistari myembamba ya kukata kwa upana, na mabaka meupe kama chaki, kwa sababu jino huumbwa tabaka baada ya tabaka na kila tabaka hupokea maji ya siku zake. Nikachukua unyoya wa kuku. Mstari, baka, mstari. Nikaacha kinywa wazi juani saa nzima ili pakauke. Kuku mwenyewe alikuja kutazama.

Sikuruka hata jino moja. Mimi ni mtu wa ukamilifu.

Jumatatu, 29 Oktoba

Haitoki! Nimekula ugali, nimekunywa uji, nimejaribu hata kwa limau. Haitoki. Ulimi nao ni wa kahawia, lakini ulimi hauna cheti.

Wakesho alitazama chungu, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hiyo ilikuwa rangi ya vikapu viwili na alikuwa hajajua kwamba anaolewa na cha tatu.

Leo nimetabasamu kwa Mwandawiro, taratibu, kama mtu anayefungua dirisha. Tabasamu lake lilififia. Alitazama karibu, akatazama mbali, akaenda zake. Jembe langu hakurudisha.

Nimempima Danson, mwanangu, mabega yetu ni sawa. Nimemwambia avae koti lake la kanisa nione vifungo vitakaaje.

Jumanne, 30 Oktoba

Niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Watu walijaa kisimani. Daktari kitini, Chifu kando yake, Alice amesimama na taa ndogo na pamba. Mwandawiro alikaguliwa kwanza. Alice akasema mistari inalingana kushoto na kulia, meno yaliyoumbwa wakati mmoja yana alama moja. Ni mtoto wa kisima bila shaka. Watu wakashangilia.

Zamu yangu. Nikafungua. Mnong'ono mkubwa. Chifu mwenyewe alisimama. Alice alisugua jino kwa pamba yenye dawa. Haikutoka. Akasugua tena. Haikutoka! Mungu ambariki Wakesho na magome yake. Daktari akakunja uso. Nilimwona Mwandawiro ameinamisha kichwa, na nusu yangu moja ikavaa koti.

Kisha Alice akasogeza taa. Akagusa jino la mbele kwa kidole. Likacheza. Akaomba ruhusa kwa heshima kabisa, akalitoa pamoja na waya wake, akaliweka juu ya pamba nyeupe ili watu wote walione. Kahawia. Mistari mitatu na baka moja. Kazi nzuri, nakiri.

Akamtafsiria daktari. Daktari akaanza kukohoa. Chifu akauliza jino hilo lilizaliwa wapi. Nikasema Mombasa. Akauliza lilikuja Kisimani likiwa na umri gani. Nikasema mwaka wa arobaini na tisa. Akasema ajabu, kwa mgeni wa juzi limenyonya sana maji yetu.

Sitaandika habari za kicheko. Naandika tu kwamba Alice alicheka, na mkono wake haukupanda. Meno yote nje, kahawia, juani, na hakujali aonwe na nani. Kisha akachukua kipande cha mkaa kutoka jiko la chai ya wageni, akachota mchanga kidogo, akanipa vyote viwili. Akasema, "Nenda kasugue, Mwalimu. Usirudi mpaka yang'ae." Maneno yangu yale yale! Hata sauti aliiga.

Nikaenda. Ningefanya nini? Nilipiga magoti pembeni ya kisima cha baba yangu, nikasugua mpaka fizi zikauma. Watu wazima niliowafundisha walipanga mstari kuangalia kama nafanya kwa bidii. Ndoo ilikuwa tupu. Mwandawiro, ufunguo shingoni, akaishusha, akavuta, akanimiminia mikononi. Alisema tu kwamba baba yangu alichimba mahali pazuri, maji hayajawahi kukauka. Kinywa changu kilikuwa kimejaa mkaa.

Koti alilovikwa Mwandawiro linambana mabegani. Limenifurahisha hilo.

Ijumaa, 2 Novemba

Mvua! Usiku kucha juu ya mabati ya shule, na tangi la shule limejaa.

Chifu amekuja asubuhi. Daktari ameagiza kwamba kisima ni cha wakubwa na mifugo. Watoto wote ambao hawajatimiza miaka minane wanywe maji ya mvua ya tangi, wasiguse ya kisima, ili meno yanayoumbwa sasa yatoke salama. Anatakiwa mzee wa kuwagawia kila asubuhi. Hakuna koti. Hakuna kiti. Mwandawiro ndiye aliyenitaja, ati Mwalimu ana subira na anajua kueleza. Nashuku hila. Lakini bomba la tangi lina kufuli, na kufuli lina ufunguo. Ni mdogo. Ni ufunguo hata hivyo.

Nimeanza kazi papo hapo. Nimechora mstari wa foleni kwa chaki. Nimeandika masharti. Sharti la kwanza: kila mtoto atafungua kinywa kabla ya kupewa kikombe, na mwenye meno machafu atapata fimbo mbili.

Nilitafuta fimbo yangu ya zamani. Wakesho anasema aliivunja kuni siku ile nilipochemsha sufuria ya maji. Nimekwenda kukata nyingine, nzuri zaidi, imenyooka. Akaniuliza kama nimekwisha kusahau maneno ya daktari, niliyowaeleza watu wote kwa kinywa changu, kwamba doa lile ni la maji na halitoki.

Sijasahau hata neno. Nilimweleza kwa subira. Daktari alisema halitoki kwa mswaki. Habari za fimbo hakuzungumzia kabisa.