Kisu cha Mama Séraphine

Wenceslas aliona kisu kabla ya kumwona mwenyewe, Mama Séraphine. Kilikuwa kikimenya muhogo sokoni Kabambare, mpini wake wa mfupa umeiva rangi ya chai. Moyo ukamruka. Kule Kasongo, Hervé, mnunuzi wa dhahabu mwenye wazimu wa kukusanya visu vya mfukoni vya zamani, alikuwa ameahidi moto mpya, pikipiki yenye nailoni bado kwenye kiti, kwa atakayemletea kisu cha mfupa cha wakati wa Wabelgiji.

Wenceslas akaegesha moto yake kuukuu, mali yake pekee duniani, akavaa uso wa muuguzi.

"Mama Séraphine, hiki kisu iko na kutu. Pepopunda itakuua."

"Kilimenyea babu ya bwana wangu muhogo, papa. Alikufa na miaka makumi tisa."

"Lete nikipime."

Akapasha sindano moto, akachoma mpini. Plastiki ingeyeyuka, huu ulifuka kidogo tu. Mfupa halali! Mtaalamu wetu akameza kicheko. Akatoa kisu kipya, akaongeza kitenge, akaongeza sabuni. Mama akatikisa kichwa.

"Marehemu bwana wangu alisema, kisu kikitoka, kiingie kitu cha kunibeba. Miguu inaniuma."

"Moto mzima kwa kisu cha muhogo?"

"Kama iko cha muhogo tu, kirudishe. Watu wana njaa."

Wenceslas akaikumbuka ile nailoni, akatoa ufunguo. Alimhurumia hata, maana breki za moto ile zilikuwa ni maombi matupu. Akamwachia na namba ya simu, kama mtu mwaminifu.

Alirudi Kasongo akiwa abiria. Kila kijiji mbwa walitoka mbio kumfuata yeye. "Wananusa utajiri," alimwambia dereva.

Hervé hajashika hata miwani, mbwa wake akabandika pua kwenye mfuko wa Wenceslas, mate yakimtoka.

Hervé akashusha pumzi. "Mfupa wa zamani haunuki mchuzi, ndugu yangu. Mbuzi wa huu mfupa alikuwa analia mwezi uliopita. Rangi ni majani ya chai."

"Nilipima na sindano!"

"Ulipima kama iko mfupa. Siku zake hukupima." Akafungua droo: visu vitatu, ndugu wa tumbo moja na kile. "Kwa cha kwanza nilitoa cherehani."

Simu ikalia. Chini ya meza mbwa alikuwa ameshaanza kuuvunja mpini, *ka, ka, ka*.

"Papa Wenceslas," alisema Mama Séraphine, kwa uchungu wa mtu aliyeonewa, "hii moto haina breki. Kweli mutu muzima anaweza kudanganya mujane?"